JUU YA MAFUMBO, MABUKU YA KUCHEKESHA NA MICHEZO YA KUJIFANYA



Mara hii tumepewa nafasi ya kueleza jambo ambalo wengi mulisikia habari yake, lakini habari yenyewe haikufika sawasawa katika masikio ya wote. Ni habari ya buku lile lililonyang'anywa katika internat.

Wengine walisema tulikuwa tunacheza karata za franga. Hapana. Wengine walisema tulikuwa tunaita mashetani. Hapana, hata kidogo! Bwana Prefe alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kama jambo ni safi, mulieleze kwa maandiko, watu wote wasome." Tuliona neno lake ni la haki. Basi, tunaeleza.

JAMBO LILIANZA NAMNA GANI

Tulikuwa watano katika refectoire, saa ya etidi ya usiku. Grupe ilikuwa imezimwa, tukawasha taa ya petroli. Mmoja wetu alikuwa na buku la Kifaransa lisilo na ganda tena, alilolitoa kwa kaka yake mjini. Alisoma kwa sauti, na sisi wengine tulikuwa tunachagua njia. Alipofika mahali pa hatari akasema kwa sauti nzito kwamba mulozi yuko nyuma ya mlango, tufanye nini? Mmoja akajibu: "Tumwite aingie!"

Saa ile ile mdogo wetu mmoja wa kalasi ya kwanza alikuwa anapita inje na ndoo yake. Alisikia neno moja tu. Akatupa ndoo, akakimbia mpaka kwa Bwana Mwangalizi, akapiga kelele: "Bakubwa banaita mulozi mu refectoire!"

Sisi tulicheka. Tulikosa kwa kucheka, na sababu yake tutaisema mbele. Buku likachukuliwa, na makaratasi yetu, na kopo letu la namba. Kesho yake masomo yote yalikuwa na habari yetu.

Sasa tunataka kueleza mambo matatu ambayo sisi tunayapenda: mafumbo, mabuku ya kuchekesha, na michezo ya kujifanya. Watu wengi wanayaona kuwa mambo matatu mbalimbali. Sisi tunaona ni ndugu wa tumbo moja, sababu yote matatu yanataka jambo moja kwako: ukubali sharti, ulishike kwa moyo mwaminifu, na ujue wakati wa kuliacha.

1. MAFUMBO

Fumbo si jambo la Wazungu. Nani kati yetu hakukaa kando ya moto na kusikia "Kitendawili!", na watu wakajibu "Tega!"? Mufikiri kidogo juu ya sharti la mchezo huo. Ukishindwa kujibu, unatoa mji. Unasema: "Chukua Goma." Mwenye kitendawili anajidai kukataa, unamwongeza Bukavu, anakubali, ndipo anatoa jibu. Lakini tangu wakati wa mababu hatujaona mtu anayekwenda Goma asubuhi kudai mji wake! Wote wanajua ni mji wa maneno. Tena hakuna anayesema wazee ni waongo kwa ajili ya hiyo.

Mafumbo ya kuandikwa ni ya zamani vile vile. Kuna mkusanyo mmoja wa maswali ya hesabu katika Kilatini, ambao watu wenye elimu wanauhesabu kuwa wa Alcuin, mwalimu aliyetoka York katika Uingereza akafundisha kwa mfalme Charlemagne. Alcuin alikufa mwaka 804. Jina la mkusanyo ule maana yake ni maswali ya kunoa akili za vijana. Munaona? Miaka zaidi ya 1200 imepita, na mwalimu wa wakati ule alijua kwamba akili ni kama panga, inatafuta jiwe la kunolea.

Ndani ya mkusanyo ule kuna fumbo ambalo munalijua. Wao wanasema mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Sisi tuseme chui, mbuzi na sombe. Mtu anataka kuvuka mto, na mtumbwi wake unabeba yeye na kitu kimoja tu. Akiacha chui na mbuzi, mbuzi ameliwa. Akiacha mbuzi na sombe, sombe imeliwa. Afanye nini?

Jibu ni hili. Anavusha mbuzi. Anarudi peke yake. Anavusha chui, na katika kurudi anarudisha mbuzi. Anaacha mbuzi ng'ambo ya kwanza, anavusha sombe. Anarudi peke yake, anavusha mbuzi mara ya mwisho. Mara saba amekata maji. Fumbo lote linakaa katika safari ile moja ya kurudisha kitu kilichokwisha kuvushwa. Mtu wa haraka halipati jibu, sababu anaona aibu kurudi nyuma. Sisi wenyewe tumeona jambo hili katika masomo ya aljebra: mara nyingi kosa liko kwa yule asiyekubali kufuta mstari alioandika.

Lakini tunalipenda zaidi fumbo la jirani zetu Waila wa Zambia. Kwao mtu yuko na chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Mujaribu! Akichukua mbuzi, panya anakula mahindi. Akichukua mahindi, chui anakula mbuzi. Akichukua panya, au akichukua chui, mbuzi anabaki na mahindi. Hakuna njia. Mtu yule akafikiri kuacha chui, ao kuacha panya, ili afaulu na wengine. Akaona wote wawili ni kama watoto wake. Basi hakuvuka. Akakaa.

Mara ya kwanza tuliposikia jibu hili tulikasirika, tukasema: "Hii haina jibu!" Kumbe ndilo jibu. Kuna maswali ambayo jibu lake la kweli ni "haiwezekani namna hii," na kulisema si kushindwa, kama umehakikisha njia zote. Mwalimu wetu wa hesabu alisema hata kwa hesabu kubwa ni vivyo hivyo.

Katika wakati wetu kulikuwa na Mmarekani mmoja, Raymond Smullyan, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufa mwaka 2017. Alikuwa mwalimu wa mantiki, tena mpiga piano, tena alijua viini-macho vya kuchezea watu. Mwaka 1978 alitoa buku la mafumbo ambalo jina lake lenyewe ni swali: linauliza jina la buku hili ni nini. Alipenda sana mafumbo ya kisiwa chenye watu wa namna mbili: wakweli wasiosema uongo hata mara moja, na waongo wasiosema kweli hata mara moja. Sisi tumetunga letu kwa namna hiyo:

Katika kijiji cha namna hiyo unakutana na ndugu wawili kwenye kisima. Mkubwa anakuambia: "Sisi wawili ni waongo." Mkubwa ni mtu gani, na mdogo ni mtu gani?

Jibu liko mwisho wa makala haya. Tunawasihi, musiende kuliangalia sasa. Mtu anayefungua ukurasa wa jibu mbele ya kufikiri hamwibii mwandikaji, anajiibia yeye mwenyewe. Ni kama mtu aliyepewa muwa, akatafuna ganda na kutupa ndani.

2. MABUKU YA KUCHEKESHA

Wengine wanafikiri buku la kuchekesha ni la watu wavivu. Tunawauliza: je, munamjua Charles Dodgson? Alizaliwa mwaka 1832, akafa mwaka 1898. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika Christ Church, Oxford, tena shemasi wa Kanisa la Anglikana. Mtu mpole, mwenye kigugumizi. Ulimwengu unamjua kwa jina lake la kuandikia: Lewis Carroll. Tarehe 4 ya mwezi wa saba, mwaka 1862, alikuwa katika mtumbwi na watoto watatu wa mkubwa wa chuo, akawatungia hadithi ya mtoto Alice aliyeingia katika shimo la sungura. Buku likatoka mwaka 1865. Na sisi watu wa Kiswahili hatukuachwa: tangu mwaka 1940 lilichapwa katika lugha yetu, na jina lake ni Elisi katika Nchi ya Ajabu.

Kichekesho kinatoka wapi katika buku lile? Hakitoki katika matusi, wala katika kumcheka kilema. Kinatoka katika masharti. Chukua mchezo ule wa Malkia. Watu wanapaswa kugonga mpira kwa nyundo ya mti na kuupitisha katika matao madogo. Lakini huko nyundo ni ndege mwenye shingo ndefu, anayegeuza kichwa na kukuangalia usoni. Mpira ni mnyama mdogo wa miiba, anajikunja, kisha anajikunjua na kutembea zake. Matao ni askari walioinama, na wao wanachoka wanasimama. Wote wanacheza pamoja, hakuna anayengoja zamu, na Malkia anapiga kelele watu wakatwe vichwa. Elisi mwenyewe anasikitika: haoni sharti lolote, na kama liko, hakuna anayelishika.

Tulipolisoma jambo hili katika chumba, mwenzetu mmoja alicheka mpaka akaanguka kitandani, akasema: "Eh, hii ni mupira wetu wa kalasi ya tatu na ya nne!" Ni kweli. Tunacheka kwa sababu tunajua mchezo wa haki ulivyo. Mtu asiyejua sharti hawezi kucheka likivunjwa. Kwa hiyo buku la kuchekesha linafundisha haki, ijapokuwa halihubiri.

Mwalimu huyu huyu alitunga michezo ya maneno. Mmoja alioutunga mwaka 1877 ni huu: unapewa maneno mawili yenye herufi sawa kwa hesabu. Unageuza herufi moja tu kila hatua, na kila hatua lazima iwe neno la kweli, mpaka kufika neno la pili. Inawezekana katika Kiswahili. Toka PIGA ufike LIPA: PIGA, PIPA, LIPA. Na hii ndiyo kazi yenu: mutoke SOMA mufike TOKA. Sisi tulifika kwa hatua nne. Mwenye kupata njia fupi kuliko yetu ailete kwa waandikaji wa gazeti.

3. MICHEZO YA KUJIFANYA

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe lililoleta kelele.

Katika Marekani, jimbo la Wisconsin, kulikuwa na mtu anaitwa Gary Gygax, na katika jimbo la Minnesota mwingine anaitwa Dave Arneson. Walikuwa wanapenda michezo ya vita ya mezani, ya kusogeza askari wadogo kama kete. Kidogo kidogo waliona afadhali kila mchezaji asiongoze jeshi zima, awe mtu mmoja tu: labda shujaa, labda mwizi, labda mwenye hekima. Mwaka 1974 walitoa mchezo wao, Dungeons & Dragons. Mara ya kwanza yalichapwa masanduku 1000 tu, na ndani ya kila sanduku vitabu vitatu vidogo. Miaka zaidi ya 50 imepita, na mchezo unachezwa bado.

Unachezwa namna gani? Watu wanakaa mezani. Mmoja ni mwamuzi: anajua nchi, mapango, hatari, na watu wanaokaa mle. Anaeleza munachokiona. Kila mmoja wa wengine ana karatasi ya mtu wake: nguvu yake, akili yake, vitu anavyobeba. Mwamuzi anauliza: "Unafanya nini?" Unajibu upendavyo. Kama jambo lina mashaka, dadu inakata shauri. Hakuna ubao wa lazima, hakuna mwisho wa lazima, na mara nyingi hakuna mshindi. Wachezaji hawashindani wao kwa wao, wanasaidiana, ao wanapotea pamoja.

Mwamuzi ana kazi nzito kuliko wote. Anaweza kuwaua saa yoyote, sababu dunia yote iko katika kinywa chake. Kwa hiyo mwamuzi mbaya anaharibu mchezo kwa dakika moja. Lazima awe wa haki, kama refere asiye na ndugu katika timu.

Buku letu lenyewe ni la namna iliyotoka katika mchezo huo, kwa mtu aliye peke yake. Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, waliandika la kwanza la mfululizo wao mwaka 1982. (Livingstone huyu si yule msafiri tunayesoma katika historia!) Ni habari ya mlima ambamo mchawi mmoja ameficha hazina. Livingstone aliandika nusu ya kwanza mpaka kwenye mto ulio ndani ya mlima, na Jackson akaandika ng'ambo ya pili. Buku lina vipande 400, lakini hayasomwi kwa kufuatana. Mwisho wa kipande unaambiwa: ukitaka kwenda kushoto fungua kipande hiki, ukitaka kulia fungua kile. Wewe msomaji ndiwe msafiri.

Mbele ya kuanza unapima mtu wako kwa dadu. Uhodari ni dadu moja, ongeza 6. Uzima ni dadu mbili, ongeza 12. Bahati ni dadu moja, ongeza 6. Mukipigana, unatupa dadu mbili kwa ajili ya adui na kuongeza uhodari wake, kisha mbili kwa ajili yako na kuongeza uhodari wako. Mwenye hesabu ndogo amejeruhiwa, anapoteza uzima 2.

Sisi hatukuwa na dadu. Tulikata vipande sita vya karatasi, tukaandika 1 mpaka 6, tukavitia katika kopo la maziwa, tukawa tunatoa viwili. Mwalimu wetu wa hesabu alipoona kopo lile alicheka, akasema: "Mchezo wenu ni mbaya, hamupati 2 wala 12 hata siku moja." Tulishangaa. Lakini ni kweli: ukishika vipande viwili pamoja, huwezi kupata 1 na 1, wala 6 na 6. Lazima utoe kimoja, ukiandike, ukirudishe, utikise, ndipo utoe cha pili. Hapo njia zote ni 36. Jumla ya 7 ina njia 6. Jumla ya 2 ina njia moja tu, na 12 vile vile.

Kutoka hapo tulielewa jambo la bahati. Ukitaka kujaribu bahati yako, unatupa dadu mbili, na jumla isipite hesabu ya bahati yako. Lakini kila ukijaribu, ukifaulu ao usifaulu, bahati inapunguka 1. Mwenye bahati 9 anafaulu kwa njia 30 katika 36. Akifika 8, ni 26. Akifika 7, ni 21. Akifika 6, ni 15 tu, chini ya nusu. Maana yake: anayetegemea bahati kila saa, bahati inamwishia njiani. Hesabu hii tulijifunza bila mtu kutulazimisha, na swali la namna hii lilipokuja katika interro tulilijua.

Tena kuna jambo la funguo. Hazina imefungwa, na funguo zimetawanyika katika mlima, kila moja na hesabu yake. Lazima uwe na zile za kweli, ujumlishe hesabu zake, na jumla ndiyo kipande cha kufungua. Basi mtu aliyedanganya, aliyejiambia "nimeshinda" kila mara aliposhindwa, anafika mbele ya sanduku na mikono mitupu. Mmoja wetu alifanya hivyo. Alituambia amemaliza buku usiku mmoja. Tukamwuliza: "Ndani ya sanduku kuna nini?" Akanyamaza. Baadaye alikubali, na tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, sababu yeye pia ni mmoja wa hawa "sisi".

4. JE, SI ULOZI?

Swali hili halikuanza kwetu. Mwaka 1979 katika Marekani kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan State alipotea. Magazeti yakatangaza kwamba labda amepotelea katika mitaro iliyo chini ya chuo, akicheza mchezo ule. Alipatikana baadaye, na ikajulikana kwamba mchezo haukuwa sababu. Alikuwa kijana mwenye mateso makubwa ya moyo, na watu walikuwa hawakuyaona. Lakini hofu ilikwisha kutembea. Mwaka 1983 wazazi wengine waliunda chama cha kupinga mchezo, wakisema unafundisha watoto mambo ya shetani.

Sisi tunajibu hivi. Katika mchezo hakuna dawa, hakuna sadaka, hakuna jina linaloitwa kwa kuabudu. Kuna karatasi, hesabu na maneno. Anayesema "mimi ni mwizi" mezani haendi kuiba sukari ya refectoire. Na katika sikukuu ya Noeli, yule anayecheza Herode mbele ya kanisa hatumwogopi kesho yake. Yule anayetoa Goma katika kitendawili hakuuza mji.

Lakini hatutaki kujidai kuwa tulikuwa na haki yote. Tulikuwa na makosa matatu.

La kwanza: ilikuwa saa ya etidi, tena petroli ile ilikuwa ya masomo. Hapo hatuna neno la kujitetea.

La pili: tulifunga mlango. Jambo safi likifanywa nyuma ya mlango uliofungwa linafanana na jambo chafu, na mtu wa inje hawezi kujua tofauti.

La tatu ndilo kubwa. Baada ya siku chache tulimwuliza mdogo wetu yule kwa nini alikimbia namna ile. Kwanza hakutaka kusema. Kisha akatuambia kwamba kwao, mama yake mkubwa alitajwa mulozi na watu wa kijiji, akafukuzwa usiku, nyumba yake ikachomwa. Yeye alikuwepo, aliona moto. Mama huyo hakuwa mulozi. Ni yeye aliyekuwa anamlipia masomo.

Wasomaji wapendwa, tulinyamaza. Neno ambalo kwetu lilikuwa la karatasi, kwake lilikuwa na moshi. Tulisema mbele kwamba mchezo ni sharti ambalo umelikubali. Yeye hakukubali sharti lolote, alikuwa anapita na ndoo yake. Tulimwomba radhi, wote watano. Na kila siku tunasikia katika inchi yetu watoto na wazee wanaotajwa kwa neno hilo, wanateswa bila hatia. Kwa hiyo tunasema kwa nguvu: si karatasi na dadu zinazoumiza watu. Linaloumiza ni neno la kushitaki, linalosemwa na watu wasiocheza, bila mwamuzi wa haki.

5. TULIYOYAPATANA

Bwana Prefe ameturudishia buku, na tumepatana naye hivi: tutacheza siku ya Posho tu, kiisha kazi za mikono, katika refectoire, mlango wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia na kuangalia. Mwalimu anayetaka kuchukua karatasi ya mtu na kucheza, karibu! (Mmoja amekuja tayari. Alikufa katika pango la kwanza, sababu hakutaka kusikiliza wengine.)

Tena tumeacha hadithi ya mulozi. Tumetunga yetu: wasafiri wanavusha chumvi na barua katika ziwa, kuna dhoruba, kuna walipishaji wa kodi wasiokuwa na ruhusa, kuna mtumbwi unaovuja. Inaonekana hatari hizi zinatutosha.

Mdogo wetu wa kalasi ya kwanza alikuja Posho ya pili. Hakutaka kucheza, alikaa kwenye kizingiti. Tulipomaliza, akasema anacho kitendawili cha kwao. Tulijaribu wote watano, na Bwana Mwangalizi wa sita. Tulishindwa. Tukamtolea Goma, akakataa. Tukamtolea Bukavu, akakataa. Tukaongeza Kisangani. Akafikiri sana, akasema atajibu Posho ijayo. Mpaka tunaandika maneno haya hatujapata jibu, na tunafikiri hata chakulani.

Ni sisi, kundi la mchezo wa Posho.

JIBU LA NDUGU WAWILI: Mkweli hawezi kusema "mimi ni mwongo", basi mkubwa ni mwongo. Na kwa kuwa ni mwongo, neno lake "sisi wawili ni waongo" si kweli. Kwa hiyo hawawezi kuwa waongo wote wawili: mdogo ni mkweli. Kama ulifika hapa kwa kuruka kurasa, rudi nyuma kama mtu wa mtumbwi, hakuna aibu.